Friji la Marehemu

Friji lako bado lipo sebuleni, Mwinchande,
lile uliloapa kulitengeneza "wiki ijayo"
wiki zote za mwaka wako wa mwisho.
Fundi friji wa Tabata nzima,
na kwako tunakunywa maji ya uvuguvugu.
Wanunua vyuma chakavu wamekuja mara mbili.
Elfu kumi na tano, wakasema, kwa ajili ya kompresa tu.
Nikawajibu: lina kazi.
Kazi gani, sikuwa naijua.

Sasa linayo.
Nimeling'oa rafu, nimelitoboa matundu sita
kwa drili yako ileile yenye waya uliozongwa gundi,
nimening'iniza balbu ya zamani, wati sitini.
Hizi za siku hizi zinawaka bila kuunguza;
nimezunguka Kariakoo kutwa
kutafuta taa yenye joto, wauza duka wakinicheka.
Chini bakuli la maji. Kipimajoto kwenye uzi.
Na mayai ishirini na manne kutoka Chanika,
kila moja nimelichora kwa penseli:
ubavu huu jua, ubavu huu mwezi.

Nageuza mara tatu, si mara mbili,
yasije yakalalia ubavu mmoja kila usiku.
Hivyo ndivyo nilivyokugeuza wewe, kule wodini,
ila wewe ulilalamika.

Siku ya saba tulizima taa, mimi na mjukuu wako Hamduni,
tukayamulika kwa tochi ya simu.
Manne yalikuwa meupe pee, hayana habari.
Mama Nasma wa mlango wa pili akasema, yakaange.
Huyo tayari ameshaagiza majogoo mawili ya Idi.
Lakini yale mengine, Mwinchande!
Mishipa imetambaa kama mizizi ya mchicha,
na katikati nukta, inarukaruka.
Hamduni akanong'ona, "Bibi, linakonyeza."

Siku ya kumi na sita umeme ukakatika saa mbili usiku,
na uniti nilikuwa nazo, nimejaza asubuhi.
Mtaa mzima giza. Kipimajoto thelathini na sita.
Thelathini na tano.
Nikachemsha maji, nikajaza madumu ya mafuta ya kula,
nikayapanga ndani, nikaufunga mlango,
nikalizungushia friji blanketi lako la hospitali.
Kisha nikakaa chini, nimeliegemea.
Ukuta unaozuia joto lisiingie
ndio unaolizuia lisitoke:
uliwahi kunieleza hayo,
nami nilikuwa nakuna nazi, sikukusikiliza.
Nikasikiliza hadi saa saba kasorobo,
balbu ilipowaka kwenye ufa wa mlango.

Siku ya ishirini na moja friji lililia.
Ufa kwanza, mdogo kama wa kikombe cha chai.
Halafu mdomo. Halafu kimya, saa nzima, wamepumzika.
Hamduni alitaka kulibandua ganda, nikampiga kikofi cha mkono:
atokaye kwa kusaidiwa hutoka na damu.
Wakatoka kumi na mmoja, wamelowa, wabaya wa sura,
wakikanyagana vichwa.
Manane hayakusema neno.
Nimeyafukia nyuma ya choo, sikuyapasua kutazama.

Muda huohuo yule wa vyuma akabisha hodi.
Elfu ishirini, mama, bei ya mwisho.
Nikamfungulia mlango wa friji.
Alirudi nyuma hatua tatu, akamtaja Mungu.

Wanasema mwana wa kuku hafunzwi kuchakura.
Ila hawa mama yao ni balbu,
nami sikutaka kubahatisha.
Nimepiga magoti kwenye saruji, na magoti yangu unayajua,
nimemwaga pumba kidogo,
nikachakura kwa vidole viwili, hivi, hivi.
Yule wa mwisho, aliyetoka siku ya ishirini na mbili
wakati nimeshakata tamaa ya kuzima taa,
alinitazama kwa jicho moja,
akageuza kichwa, akanitazama kwa la pili,
akanipa mgongo,
akaanza kuchakura kwake.